Shajara ya mradi: mafuta ya samaki kwa mbwa watano wanaochechemea, Kampala

Mradi ni wa wiki 12. Mbwa ni watano: wanne wa ulinzi, wa banda moja kando ya barabara ya Entebbe, na mmoja mdogo wa nyumbani. Swali ni moja: kirutubisho cha viungo kikitolewa kwa kipimo kamili, mbwa anatembea vizuri zaidi, au ni sisi tu tunaotamani kuona hivyo? Shajara inaandikwa kwa Kiswahili kwa sababu askari wanaowashika mbwa hawa wametoka Arua, Gulu na Kasese, na Kiswahili ndiyo lugha ya zamu. Anayepokea zamu asome maandishi ya mwisho kabla ya kugusa sufuria ya mbwa.

Wiki ya 0: nani anaumwa nini

Hakuna kilichonunuliwa kabla kila mbwa hajaonwa na daktari wa mifugo. Mbwa akichechemea watu husema "baridi yabisi" na kukimbilia dukani, lakini kuchechemea ni dalili tu, na katika mbwa hawa watano kulikuwa na magonjwa manne tofauti.

Simba ni German Shepherd dume, miaka 9, kilo 41. Eksirei imeonyesha nyonga zote mbili zimechakaa, na kiwiko cha kushoto kimeota vinundu vya mfupa pembeni. Asubuhi huinuka kwa shida, akishatembea dakika kumi analainika. Hiyo ndiyo sura halisi ya baridi yabisi ya kuchakaa. Alama yake ya unene ni 7 kwa kipimo cha 1 hadi 9, na uzito unaomfaa ni kilo 36.

Jessy ni jike wa kienyeji, miaka 7, kilo 17. Aligongwa na bodaboda akiwa mdogo, kiwiko cha kulia kikaunga vibaya, sasa kina baridi yabisi. Unene wake ni 5 kwa 9, sawasawa kabisa. Kwa mradi huu ndiye mbwa muhimu kuliko wote, kwa kuwa hana kilo za kupunguza. Akipata nafuu, mafuta hayatakuwa na mwenzake wa kugawana naye sifa.

Bruno ni Rottweiler, miaka 5, kilo 48, unaomfaa ni 44. Tatizo ni goti la nyuma la kushoto. Akikaa hautii mguu chini yake, anautupa pembeni. Daktari alimlaza kwa dawa ya usingizi, akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, na muundi ukateleza kwenda mbele kama droo. Kano ya mbele ya goti imekatika.

Pipi ni chotara mdogo wa nyumbani, kilo 6.2 badala ya 5. Hukimbia vizuri, ghafla anainua mguu mmoja wa nyuma, anaruka hatua mbili tatu kwa miguu mitatu, kisha anaendelea kama hakuna lililotokea. Pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, inatoka kwenye mfereji wake na kurudi. Daktari ameipa daraja la 2 kati ya 4.

Tiger ni chotara, miaka 3, kilo 28. Aliletwa na jina la ugonjwa tayari: baridi yabisi. Lakini Jumatatu alichechemea mguu wa mbele wa kulia, Alhamisi wa nyuma wa kushoto. Vifundo vya mbele vilikuwa vimevimba na vina moto. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 39.9, na la kawaida kwa mbwa ni 38.3 hadi 39.2. Maumivu yanayohama mguu kwa mguu, pamoja na homa, katika nchi yenye kupe kama hii, yanadai kipimo cha damu kabla ya jambo lingine lolote. Damu ilionyesha chembe sahani (zile zinazogandisha damu) chache na kipimo cha Ehrlichia kikatoa jibu la ndiyo. Huu ni ugonjwa wa kupe unaowasha viungo kutoka ndani. Dawa yake ni doksisaiklini, mg 10 kwa kila kilo, yaani mg 280 kwa siku, kwa siku 28. Inatolewa juu ya chakula, na maji yanafuata ili kidonge kisikwame kooni na kukichoma. Haichanganywi na maziwa, kwani kalsiamu huizuia kuingia mwilini.

Tiger ameondolewa kwenye mafuta. Mafuta ya samaki kwa kipimo kikubwa hupunguza nguvu ya chembe sahani kugandisha damu, na yeye chembe hizo tayari ni chache. Mtu ambaye angempa kapsuli bila kupima damu angekuwa anamtibu ugonjwa asio nao huku akimwongezea hatari katika ule alio nao.

Wiki ya 0, siku ya vipimo

Vipimo vinne, vilevile kila mara.

Uzito: mbwa mdogo anabebwa juu ya mizani ya kawaida na uzito wa mbebaji unatolewa. Wakubwa wanapandishwa kwenye mizani ya kliniki. Ni asubuhi kabla ya kula.

Mzingo wa paja: tepu ya fundi cherehani, mbwa amesimama, mahali palepale, ambapo manyoya yamekatwa kidogo ili pasipotee. Mguu usiotumika hukonda msuli, na tepu haidanganywi na huruma. Bruno: kushoto sm 38, kulia sm 42.

Kuinuka: sekunde kutoka kuitwa hadi miguu minne kusimama, asubuhi tatu mfululizo, halafu wastani. Simba: sekunde 9.

Video: mita 20 za murram (udongo mwekundu wa barabara) iliyo tambarare, mbwa akitroti kwa kamba iliyolegea, mara mbili kutoka ubavuni na mara mbili kutoka mbele. Kamba ikikazwa kichwa kinainuliwa na kuchechemea kunafichika. Kwa mguu wa mbele tunaangalia kichwa: kinainuka mguu mbovu ukikanyaga na kinashuka mguu mzima ukikanyaga. Kwa mguu wa nyuma tunaangalia nyonga, upande mbovu hupanda na kushuka zaidi ya ule mwingine.

Video hazipewi tarehe. Zinapewa herufi bila mpangilio, na orodha ya herufi inakaa kwa mtu asiyeangalia video. Mwishoni watazamaji wawili watazipanga kutoka mbaya hadi nzuri bila kujua ipi ni ya wiki gani. Usumbufu huu ni wa lazima. Imeshapimwa kwamba wenye mbwa, na madaktari pia, huona nafuu hata mbwa aliyepewa kidonge kitupu. Zaidi ya hayo baridi yabisi hupanda na kushuka yenyewe, na watu huanza dawa siku mbwa yuko mbaya zaidi, kwa hiyo wiki inayofuata lazima ionekane afadhali.

Wiki ya 0, hesabu ya lebo

Kwa nini mafuta ya samaki na si glukosamini, kirutubisho kingine kinachouzwa kwa ajili ya viungo? Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal walikusanya majaribio yaliyokwisha kufanywa kwa mbwa na paka wenye baridi yabisi. Omega-3, yaani mafuta yaliyomo kwenye samaki, ilionyesha kusaidia. Kuhusu glukosamini na mwenzake kondroitini walipendekeza visiendelee kutolewa kwa maumivu ya viungo. Havina madhara makubwa kwa mbwa wengi, lakini fedha ya banda ni moja na haitoshi mambo mawili.

Kinachofanya kazi ndani ya mafuta ya samaki ni EPA na DHA, aina mbili za omega-3. Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya chupa, "1000 mg", ni uzito wa mafuta yote ndani ya kapsuli. Geuza chupa. Kapsuli nyingi za duka la dawa zina EPA mg 180 na DHA mg 120, jumla mg 300. Saba kati ya sehemu kumi ni mafuta mengine tu. Tafsiri hii mbaya ya lebo ndiyo inayofanya watu waseme "nilimpa miezi miwili hayakusaidia": mbwa wa kilo 36 alikuwa anapata kapsuli moja kwa siku.

Kipimo kinachotumiwa kwa baridi yabisi ni mg 310 za EPA na DHA kwa pamoja, zidisha uzito uliopandishwa kwa kipeo cha 0.75. Kikokotoo cha simu kinatosha: zidisha kilo mara tatu zenyewe kwa zenyewe, kisha bonyeza alama ya kipeuo cha pili mara mbili. Kwa Simba tunatumia uzito unaomfaa, si ule wa mafuta alionao. 36 × 36 × 36 ni 46,656. Kipeuo cha kwanza ni 216, cha pili ni 14.7. Zidisha 310: mg 4,556 kwa siku. Kikomo cha juu ni 370 badala ya 310, yaani mg 5,438. Hapo hatupiti.

Kwa kapsuli za mg 300, Simba anahitaji 15 kwa siku. Chupa ya 60 inaisha siku ya nne. Wasimamizi walipoiona namba hii waliuliza kama koma imewekwa mahali pake. Imewekwa.

Kwa hiyo chupa zilinganishwe kwa EPA na DHA ya chupa nzima. Chupa ya kapsuli 100 za mg 300 ina mg 30,000. Chupa ndogo ya kapsuli 60 zilizokolezwa hadi mg 600 ina mg 36,000. Gawanya bei kwa namba hizo ndipo utajua ipi ni rahisi. Hapa iliyokolezwa imeshinda, na ina faida nyingine itakayoonekana kwenye chakula.

Kwa wengine: Bruno (44) mg 5,296, Jessy (17) mg 2,595, Pipi (5) mg 1,037.

Chupa tatu zimekataliwa. Ya kwanza ni mafuta ya ini la samaki, ambayo lebo yake ina vitamini A na D. Ukiyazidisha mpaka ufikie kipimo cha EPA na DHA, vitamini D inaweza kupita kiwango salama. Ya pili imeandikwa "omega 3-6-9", na omega-3 yake imetoka kwenye mbegu za kitani. Mwili wa mbwa hubadilisha kidogo mno ya aina hiyo kuwa EPA. Ya tatu ni ya kutafuna ya watoto, ina ladha ya machungwa na imetiwa xylitol, kitu cha utamu kinachotumika badala ya sukari. Ni sumu kwa mbwa hata kidogo, hushusha sukari ya damu na kuharibu ini. Ikionekana kwenye lebo yoyote, chupa isiingie bandani kabisa.

Wiki ya 1

Kipimo kamili hakitolewi siku ya kwanza, tumbo litakataa. Robo wiki ya kwanza, nusu ya pili, robo tatu ya tatu, kamili ya nne. Simba kwa kapsuli za mg 600: mbili, nne, sita, kisha saba siku moja na nane siku inayofuata. Jessy: moja, mbili, tatu, nne.

Chakula kimepangwa upya, kwa sababu mafuta ni kalori. Mbwa akipumzika tu anatumia kilokalori 70 × namba ileile ya kipeo. Simba: 70 × 14.7 ni 1,029. Kapsuli 15 za kawaida ni gramu 15 za mafuta, kilokalori 135. Ukifanya hesabu hii kwa mbwa wa ukubwa wowote jibu ni lilelile, karibu asilimia 13 ya mahitaji yake ya kupumzika. Kwa kapsuli zilizokolezwa mara mbili inashuka chini ya 7. Usipoondoa kitu kwenye sahani, unamnenepesha mbwa ambaye unene ndio unaomlemea viungo.

Simba na Pipi wanapata kilokalori za kupumzika za uzito unaowafaa, mafuta yakiwa ndani ya hesabu. Unga wa posho (ugali wa mahindi) mkavu una kilokalori karibu 360 kwa gramu 100. Upimwe mkavu, kabla ya maji. "Bakuli moja la posho" si kipimo, kwani posho laini na posho ngumu hazilingani hata nusu.

Wiki ya 2

Simba hamezi kapsuli, anakula posho na kuziacha zote kando ya sahani, safi. Sasa zinatobolewa kwa mkasi na kukamuliwa juu ya chakula kilichopoa hadi uvuguvugu. Mafuta hayatiwi kwenye sufuria iliyo juu ya sigiri, moto huyaharibu.

Maumivu yake bado ni makali, na hilo lilitarajiwa. Omega-3 huingia taratibu kwenye kuta za seli na kuchukua nafasi ya mafuta yanayotengeneza kemikali za uvimbe. Kazi hiyo ni ya wiki sita hadi kumi na mbili. Mbwa hapaswi kuachwa aumie akisubiri. Baada ya kupima figo na ini, daktari amemwandikia meloksikamu, dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe: mg 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, halafu mg 0.1 kwa kilo kila siku, pamoja na chakula. Bruno pia yupo kwenye dawa hiyo, mg 4.8 kwa siku.

Wiki ya 3

Pipi ameharisha. Aliyekuwa jikoni alimrusha kutoka kapsuli moja hadi tatu siku hiyohiyo. Kurudi hatua moja nyuma, wiki nzima, kisha kupanda nusu nusu. Kwa mbwa mdogo hakuna haja ya haraka.

Mukene, yaani dagaa: swali limeulizwa na watu watatu tofauti. Kwa kuwa mbwa wanakula mukene kila siku, si wanapata mafuta ya samaki tayari? Mukene ni protini nzuri sana na hatuiondoi. Lakini imeanikwa juani kwa siku nzima, na jua huharibu hayohayo mafuta tunayoyataka. Hakuna anayeweza kusema kikombe kimoja kina miligramu ngapi. Mukene ni chakula, kapsuli ni kipimo. Iliyokaushwa juu ya mchanga ioshwe maji matatu, kwa kuiacha ielee na kuichota juu, mchanga ubaki chini ya beseni. Kumwaga maji pamoja na mukene kunarudisha mchanga uleule.

Wiki ya 4

Chupa mbili zimetupwa. Zilikuwa dirishani kwenye kibanda cha mlinzi chini ya mabati. Kapsuli moja ilitobolewa: harufu kali ya rangi ya mafuta. Mafuta mazima hunuka samaki kidogo tu, yaliyoharibika huchoma pua. Yaliyoharibika hayafanyi kazi, na huumaliza mwili vitamini E. Kuanzia sasa: friji ya ofisini, chupa moja tu wazi kwa wakati mmoja, tarehe ya kufungua iandikwe kwa kalamu, na kila chupa mpya itobolewe kapsuli moja na kunuswa. Umeme ukikatika friji isifunguliwe bila sababu.

Tiger amemaliza doksisaiklini. Homa ilishuka siku za mwanzo, vifundo vimenywea. Anakimbia, na hajawahi kupewa tone la mafuta. Damu itarudiwa. Kupe wa mbwa hujificha kwenye nyufa za ukuta wa banda, kwa hiyo nyufa zimezibwa kwa saruji na matandiko ya zamani yamechomwa. Kumnyunyizia mbwa peke yake bila banda ni kazi ya kurudiwa milele.

Wiki ya 5

Bruno amekataa chakula, ametapika mara mbili, kinyesi ni cheusi na kinanata kama lami. Hiyo ni damu iliyomeng'enywa, maana yake kidonda tumboni. Kwa kuulizana imebainika kwamba usiku alipewa kidonge cha diklofenaki cha watu, mg 50, siku mbili, kwa nia ya kumsaidia goti. Juu ya meloksikamu.

Liandikwe wazi ukutani: diklofenaki na ibuprofeni hazipewi mbwa. Paracetamol haipewi mbwa bila daktari. Dawa mbili za jamii hii ya maumivu na uvimbe, meloksikamu ikiwamo, hazichanganywi, wala mojawapo na sindano ya dexamethasone au vidonge vya prednisolone. Kuta za tumbo na figo za mbwa hazistahimili vipimo vya watu. Dawa zote za Bruno zimesimamishwa, mafuta pamoja nazo, na yuko kwa daktari kwenye dripu na dawa za kulinda tumbo. Aliyetoa kidonge alisema ukweli mara moja alipoulizwa, na hilo ndilo lililompa daktari mahali pa kuanzia. Asilaumiwe. Kabati la dawa limewekewa kufuli.

Wiki ya 6

Simba kilo 38.9. Amepoteza asilimia 5 ya uzito, chini kidogo ya asilimia 1 kwa wiki, mwendo unaofaa. Kuinuka sekunde 7. Tusikimbilie kuyasifu mafuta. Mbwa mnene akipungua karibu asilimia 6 huonekana kupunguza kuchechemea hata bila kirutubisho chochote. Nguvu ya chakula kidogo ilionekana kwenye utafiti wa Labrador 48 uliochapishwa mwaka 2002: waliopewa robo pungufu ya chakula cha wenzao waliishi umri wa kati wa miaka 13.0 badala ya 11.2, na baridi yabisi iliwachelewa. Hakuna kapsuli iliyowahi kufika hapo. Banda likiwa na fedha ya jambo moja tu, linunue mizani.

Wiki ya 7

Mvua kila siku. Mbwa wote wamerudi nyuma kidogo, na sababu ni sakafu. Saruji iliyolainishwa ikilowa huteleza, na mbwa mwenye nyonga mbovu hukaza mwili mzima asianguke. Mistari imechongwa kwenye saruji ya mlangoni na mikeka ya mpira imewekwa mahali pa kulia chakula. Kucha zimekatwa. Pa kulala: magunia mawili yaliyojazwa majani makavu, juu ya mbao, si juu ya saruji. Ngazi ya mbao yenye mkeka imetengenezwa kwa ajili ya kupanda na kushuka pikapu, kwani kuruka chini ndiko kunakoumiza viwiko zaidi. Doria ya Simba ya saa moja imepunguzwa kuwa tatu za dakika 15. Video ya wiki hii haikuchukuliwa, murram ni tope.

Wiki ya 8

Bruno amepona tumbo, damu ni nzuri, upasuaji umepangwa wiki ijayo. Daktari wa upasuaji ameambiwa kuhusu mafuta, kwa sababu ya damu, na mafuta yataendelea kusimama mpaka aseme. Mbwa wa chini ya kilo 15 mwenye kano iliyokatika mara nyingine hujisaidia kwa kupumzishwa na kupunguzwa uzito. Wa kilo 48 ni nadra. Kirutubisho hakishoni kano. Kazi ya mafuta kwa Bruno itakuja baadaye, kwa kuwa goti lililokatika hupata baridi yabisi hata likitengenezwa vizuri. Goti la pili nalo liangaliwe, karibu nusu ya mbwa wa aina hii hukatika na upande wa pili.

Limeletwa jerikani la supu ya molokoni, yaani kwato za ng'ombe, kwa ajili ya Jessy. Imani ya kwamba supu ya kwato hulainisha magoti ni ya watu wengi, na aliyeileta alifikiria vema. Lakini utandu ule unaonata ni jelatini, na tumboni humeng'enywa kama protini nyingine yoyote. Haichagui kwenda kwenye kiwiko. Shida iko kwenye kitunguu, chumvi na mafuta yaliyoelea juu: kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na mafuta mengi kwa ghafla huweza kuwasha kongosho. Asipewe. Anayetaka kumpikia mbwa kwato achemshe kwa maji matupu, aipoze, aondoe mafuta yaliyoganda juu, na atoe mifupa yote, kwani mfupa uliopikwa hupasuka vipande vikali.

Wiki ya 10

Simba 37.8. Pipi 5.5. Meloksikamu ya Simba imepunguzwa na daktari kuwa siku moja ndiyo, siku moja hapana. Bruno ameshonwa na yuko kwenye kamba fupi, choo na kurudi tu. Hakuna jipya.

Wiki ya 12: kufungua herufi

Watazamaji wawili walipanga video kila mmoja peke yake, ndipo orodha ikafunguliwa.

Jessy: wote wawili waliweka video za wiki ya 8 na ya 12 juu ya zile za wiki ya 0 na ya 4. Kichwa bado kinacheza kiwiko kibovu kikikanyaga, ila kidogo. Uzito wake ni kilo 17.1, haukubadilika, na hakupewa dawa ya maumivu. Mvua imekatika, sakafu na matandiko vimebadilika, hivyo hata kwake mafuta hayako peke yake kama tulivyotaka, lakini ni mbwa aliye karibu zaidi na jibu.

Simba: video ya 12 imewekwa juu na wote wawili. Kilo 37.1, kuinuka sekunde 5. Ana kilo pungufu karibu nne, dawa, mafuta, mikeka na doria fupi. Kipi kimefanya nini haiwezekani kutenganisha kwake, na mtu asimtumie Simba kuuzia mafuta.

Pipi: hakuna mpangilio. Mtazamaji mmoja aliweka video ya wiki ya 0 kuwa nzuri kuliko zote. Pia ya goti inayotoka kwenye mfereji ni shida ya umbo la goti, na mafuta hayachimbi mfereji. Amepungua uzito na hilo litabaki. Mafuta yake yamesimamishwa, daktari ataangalia kama daraja limepanda.

Tiger: chembe sahani zimerudi kawaida.

Jessy sasa anashushwa: kapsuli tatu badala ya nne kwa wiki nne, kuona kama kipimo kidogo kinamtosha. Video zitaendelea kupewa herufi. Simba anaendelea na mafuta kamili mpaka kilo 36, kisha naye atashushwa. Bruno anaanza tena robo ya kipimo siku daktari atakaporuhusu. Zamu ya asubuhi: chupa iliyo wazi imefunguliwa Jumapili, zimebaki kapsuli 22, na chupa mpya bado haijanuswa.